Hodhi la Pombe la Babu Nyamongo

Mzungu mmoja wa majani chai alipofunga virago mwaka wa 1964, babu yangu Nyamongo alinunua hodhi lake la kuogea, zito, jeupe, la chuma. Wanaume walilibeba hadi kwetu Birongo wakimlaani njia nzima. Nyanya yangu Nyanchera alidhani sasa ataoga kama malkia. Babu akaliweka migombani, akaanza kutengenezea pombe ya wimbi humo.

Nyanya alikuwa Msabato wa kufa na kupona. Miaka yote hiyo alimwombea mumewe, naye akiitikia "Amina" huku mrija wa pombe uko mdomoni. Kisha mwaka wa 1973 kifua kikamlaza. Daktari alimkataza pombe na maji baridi. Siku moja akasema, bila kusukumwa na mtu, kwamba anataka kubatizwa.

Sisi Wasabato hubatizwa kwa kuzamishwa mtoni mwili mzima, na mto ungemuua. Mchungaji Obadiah alikubali hodhi lenye maji ya vuguvugu, ila alipolichungulia alirudi nyuma. Kutu, utomvu wa ndizi na machicha ya pombe vilikuwa vimeganda humo.

"Likitakata, mama, nitambatiza Sabato hii," alimwambia nyanya. "Likibaki hivi siwezi. Waumini watasema nini?"

Mimi ningelitupa korongoni pamoja na mwenyewe. Nyanya alilisugua kwa mchanga na majivu kama sufuria, na hapo alikosea: rangi nyeupe ilikwaruzika, uchafu ukaingia mikwaruzoni. Akatuma ujumbe kwa kaka yake Angwenyi, mchongaji wa mawe kule Tabaka. Jiwe la Tabaka ni laini, hukatwa kwa kisu, na unga wake hauchubui kitu. Angwenyi alileta gunia. Nyanya aliukanda unga huo kwa maji ya limau, akaupaka, akaufunika kwa matambara mabichi. Alipopangusa, kutu ilitoka nao.

Babu alikaa kwenye kigoda akitoa amri.

"Hapo kwa pembe umeacha."

"Nyamaza, Baba Makori. Ni mimi nilipika pombe?"

Ijumaa jioni lilibaki doa moja la kahawia, pale kichwa kingelala. Nyanya alilisugua huku analia, maana aliona miaka yake ya maombi inaishia hapo. Jua likagusa kilima. Babu ndiye aliyezoea kumchokoza saa hiyo ya kuingia Sabato kila wiki, akimwagiza kazi ili tu akasirike.

"Mama Makori, weka kitambaa chini," alisema. "Sabato imeingia."

"Na doa?"

"Doa ni yangu. Mimi nitamwambia mchungaji."

Asubuhi Obadiah aliliona doa. Babu akasema mbele ya wote, "Huyu mama angeimaliza doa hii jana kama angevunja Sabato. Mimi ndiye nilimkataza."

Mchungaji alikunja mikono ya shati, akaagiza maji ya moto yaletwe. Babu aliibuka majini akikohoa na kucheka, akimtafuta nyanya kwa macho. Nilimpenda sana mzee yule siku hiyo.

Alifariki kabla ya mvua za masika. Nyanya alilihamishia hodhi nyuma ya nyumba, akawa anaoga humo kila Ijumaa jua likiwa bado juu. Unga wa Tabaka ulikuwa umebaki nusu gunia, lakini doa lile hakuligusa tena. Alikuwa akilala majini, anaegemeza kichwa chake palepale penye doa.