Nukta Mbili Chini ya Sahani

Rangi ya kucha ina harufu inayokwenda moja kwa moja nyuma ya macho. Wanawake wengine wakiinusa hukumbuka harusi zao. Mimi nikiinusa hushikwa na hasira, na msinicheke, kwa sababu ndiyo inayonilisha. Nina duka la kukodisha vyombo hapa Nyamirambo, kati ya fundi cherehani na muuza chapati, na kila sahani inayotoka mlangoni mwangu ina nukta mbili nyekundu za rangi ya kucha upande wa chini. Nazihesabu zikitoka, mara mbili. Nazihesabu zikirudi, mara mbili. Wateja hulalamika. "Yewe, Espe, kwani hatuaminiani?" Nawaambia tunaaminiana sana, ndiyo maana sihesabu mara tatu.

Alama hiyo sikuibuni mimi. Ni ya mama.

Mama alizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, kwa wazazi wa Kinyarwanda waliokimbilia huko zamani, ndiyo sababu Kiswahili chake ni kizuri kuliko Kinyarwanda chake. Tuliporudi Kigali nilikuwa na miaka minne. Watu wengine walirudi na hati, picha za ukoo, barua za mapadri. Mama alirudi na mimi, na cherehani, na sahani sitini za melamini nyeupe zenye ua la bluu katikati. Cheti changu cha ubatizo alikisahau kwenye droo. Baba alikuwa dereva wa malori ya Dar es Salaam, kwa hiyo yeye alikuwa amesahauliwa barabarani. Tukapanga nyumba Kicukiro, chini ya mlima wa Rebero, na sahani zikapata chumba kabla yangu. Zililala chini ya kitanda cha mama, mimi nikalala na cherehani.

Zile sahani hatukuzilia sisi. Ziliitwa "za watu". Sisi tulikula kwenye bakuli za plastiki, lakini akifa mtu, akizaliwa mtu, akiposwa mtu, mlango wetu ulibishwa. "Mama Espe, tusaidie vyombo." Mama alitoa bure, na mwenyewe akazifuata kwenda kupika. Kazi ya kuhesabu ilikuwa yangu tangu niliposoma namba. Nilikuwa mtoto mwembamba, mkorofi kidogo, na sikuwa na kipaji kingine chochote kinachojulikana, lakini hesabu yangu ilikuwa haina shaka, na mama alijivuna nayo mbele za watu. "Muulizeni Espe," alikuwa akisema. "Espe akisema sitini, ni sitini."

Wiki ninayotaka kuwaambia nilikuwa na miaka kumi, na Jumapili yake ningepokea komunyo ya kwanza. Mama alikuwa ameniahidi jambo ambalo kwangu lilikuwa kubwa kuliko komunyo yenyewe, Mungu anisamehe: siku hiyo sisi ndio tungekuwa "watu". Sahani zingetoka chini ya kitanda kwa ajili yetu, na ya kwanza kabisa ingepakuliwa kwa ajili yangu.

Sasa iangalieni wiki yenyewe. Jumatatu tulikuwa tunamaliza matanga ya jirani yetu mzee Karoli. Sahani sitini zikaenda, sitini zikarudi, moja ikinuka sigara. Jumanne mazoezi ya kwaya, mama akiimba sauti ya pili huku mikono yake bado inanuka vitunguu. Jumatano ilikuwa sikukuu ya jumuiya yetu ndogo ya Kikristo. Sitini zikaenda, sitini zikarudi. Alhamisi sisi watoto tulifundishwa kutembea kanisani tumekunja mikono, macho chini, kama watu waliopoteza sindano. Na Ijumaa sahani zikapanda Rebero, kwa Madamu Goreti.

Madamu Goreti alikuwa mwenyekiti wa kina mama wa parokia. Nyumba yake ilikuwa na ngazi za mawe na baraza iliyotazama mji mzima, na alikuwa anatembea kama mtu anayeikagua parokia, hata akiwa sokoni. Binti yake alikuwa anaposwa. Sherehe kama hiyo kila mtu angeifanya Jumamosi, lakini Jumamosi hiyo ilikuwa ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mitaa yote, barabara zimefungwa na kila nyumba imetoa mtu mwenye jembe. Basi akaileta Ijumaa, na mama akapanda mlima alfajiri na sahani sitini na mkaa wake mwenyewe, akapika siku nzima. Ni huyu Madamu aliyekubali kuwa marene wangu, msimamizi wangu wa komunyo. Ndiye aliyenishonea gauni jeupe. Na ndiye aliyekuwa akisema, kila alipotuona, "Mama Espe! Mtu anabeba sahani anaacha cheti! Hii nimeona kwako tu." Watu walicheka. Mama naye alicheka, kicheko kifupi, kile anachompa mteja aliyeshusha bei mno.

Jumamosi mama alikwenda umuganda kuzibua mtaro. Mchana, barabara zilipofunguliwa, kijana wa Madamu akatushushia makapu ya sahani na kuondoka kabla sijamaliza kumsalimia. Nikaketi sakafuni nikahesabu. Arobaini na moja. Nikahesabu tena, nikizigeuza moja moja nione nukta. Arobaini na moja.

Mama alikuwa ananawa matope miguuni. "Mama, zimepungua kumi na tisa."

"Zitakuja."

"Lini? Wageni wetu ni hamsini."

"Espe. Nimesema zitakuja."

Mama hakuwahi kupoteza hata kijiko bila kukifuata hadi jikoni kwa mtu. Siku hiyo aliendelea kusugua kisigino.

Jumapili asubuhi nilipelekwa Rebero nikavishwe na marene, kama ilivyotakiwa. Madamu alinivisha gauni, kisha, akiwa bado anafunga mushanana, vazi lake la sherehe, akaniambia ningoje barazani nisiguse kitu. Baraza ilikuwa imejaa maua ya kupendeza wageni wa Ijumaa, vyungu vikiwa vimepangwa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Chini ya kila chungu palikuwa na sahani ya kukinga maji. Nyeupe. Ukingo wa ua la bluu ulikuwa unachungulia kwenye tope.

Nilijua hata kabla sijainua. Nilipiga magoti na gauni lile, nikainamisha chungu kimoja, nikaivuta sahani, nikaigeuza. Nukta mbili nyekundu. Nikairudisha, nikahesabu vyungu kutoka kushoto. Kumi na tisa. Nikahesabu kutoka kulia.

Ninawaambia, wasomaji wangu, kama zingekuwa zimevunjika ningelia yakaisha. Kama zingeibwa na mwenye njaa ningenung'unika. Lakini kuwekwa chini ya maua! Sahani ambazo mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kuzilia! Nilikwenda kupokea Mwili wa Bwana nikiwa nimekunja mikono vizuri kuliko watoto wote, kwa sababu nilikuwa nimekunja ngumi.

Baada ya misa watu walijaa uani kwetu. Mama alikuwa ameazima mabenchi ya jumuiya, wali ulikuwepo, ndizi, maharage, nyama ya mbuzi. Sahani ya kwanza ikapakuliwa. Nikanyoosha mikono, na ikapita juu ya kichwa changu ikaenda kwa Madamu Goreti. Ya pili kwa katekista. Wakapakuliwa wazee, wakapakuliwa wanakwaya, na zilipofika arobaini na moja zikaisha. Tisa tulibaki, mimi na watoto wa jirani, na mama akatupakulia kwenye mifuniko ya sufuria. Nilikaa, mimi mwenye sikukuu, na gauni langu jeupe, mfuniko magotini, mchuzi ukikimbilia ukingoni.

Madamu akaliona hilo akacheka. "Espe wangu, leo unakula kwa mfuniko? Mama Espe, kumbe sahani zote ulizobeba Bujumbura hazitoshi?"

Nikasimama. Sauti yangu ilitoka ndogo lakini ilisikika, watu walikuwa na nyama mdomoni.

"Zinatosha, marene. Zetu kumi na tisa ziko kwako, chini ya maua. Nimezihesabu mara mbili."

Katekista aliangalia sahani yake kana kwamba imeandikwa Injili. Madamu hakukasirika, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alimgeukia mama polepole, akangoja, kama mtu anayengoja chenji yake.

Nikamtazama mama. Nilikuwa na hakika. Sasa atasema, Espe akisema kumi na tisa, ni kumi na tisa.

"Mtoto amehesabu vibaya," mama alisema. "Nilizopeleka ni arobaini na moja. Espe, omba msamaha."

"Mama, wewe mwenyewe..."

"Piga magoti, omba msamaha kwa marene wako."

Nilipiga magoti kwenye vumbi. Madamu aliweka mkono kichwani pangu akasema, "Ntakibazo, sha, hakuna neno. Mtoto ni mtoto," kisha akaomba aongezewe nyama.

Sikusema na mama siku tano. Niliporudia kusema naye nilikuwa mtu mwingine. Mtaani walipata jambo la kucheka mwaka mzima, nikienda kununua sukari, muuzaji angesema, "Vijiko viwili hivi, au tumuite Madamu ahesabu?" Na mama hakusema tena kamwe "muulizeni Espe". Sahani zikaendelea kwenda na kurudi, akizihesabu mwenyewe kimyakimya.

Miaka ilipita, nikapata mchumba, na padri akataka nakala ya ubatizo wangu. Nikaenda parokiani Kicukiro. Karani akafungua daftari kubwa, akafuata kwa kidole hadi jina langu, akasema, "Wewe ulitoka Burundi bila cheti. Usijali, kuna mtu alikusimamia." Akaligeuza nione. Ilikuwa imeandikwa kwamba mtoto amebatizwa Bujumbura, na kwamba mwenyekiti wa kina mama amelithibitisha hilo mbele ya paroko. Sahihi yake ilikuwa kubwa, ina mkia. Pembeni ilikuwa siku aliyoitia: ile Ijumaa. Ijumaa ya kuposwa kwa binti yake.

Niliifuata tarehe ile kwa kidole, tena na tena, mpaka karani akaniuliza kama naumwa. Sahani zilipanda mlima asubuhi, sahihi ikashuka jioni. Komunyo yangu iliponea kwenye uzi huo, maana asiyethibitishwa ubatizo hapewi, na hakuna aliyeniambia. Nina hakika Madamu hakuzitaka zile sahani. Alizikuta jikoni, maua yakamiminiwa maji, akachukua kilichokuwa karibu. Hakuiba. Hakuhitaji hata kuiba. Alijua tu kwamba mama hawezi kuzidai, si wiki hiyo, wino ukiwa bado mbichi na yeye akiweza kurudi kwa paroko kusema alikosea.

Mtasema basi yakaisha, nikaelewa, nikasamehe. Nilielewa. Kuelewa ni kitu kimoja. Mimi ni mtu wa kupatana bei, nimekaa na jambo hili kama ninavyokaa na mteja mgumu, na kila nikilipima naona tulipunjwa. Sahani kumi na tisa kwa sahihi moja! Ningekuwepo ningemshusha hadi saba, na mkaa angenunua mwenyewe. Lakini zaidi ya hayo, sahani hazikuwa bei. Sahani alikwisha kuzichukua. Bei aliyoitaka pale uani, alipomgeukia mama akangoja, ilikuwa hesabu yangu. Kitu pekee nilichokuwa nacho. Na mama akaitoa mbele ya watu hamsini, bila kupatana, kwa sababu hakuwa na kingine cha kutoa. Sijui mpaka leo nimkasirikie nani zaidi, aliyeuliza au aliyetoa, na siku nyingine hukasirikia komunyo.

Mama sasa amezeeka. Huja dukani kwangu na moto, pikipiki ya abiria, kila asubuhi, akimgombeza dereva njia nzima, huketi kwenye kiti karibu na mlango na kusema bei zangu ni za wizi. Hatukuwahi kuzungumza habari ya siku ile. Mwezi uliopita nilikuwa natia nukta kwenye sahani mpya, chupa ya rangi imefunguliwa, duka zima linanuka. Wateja wawili walikuwa wanachagua vikombe. Mama alikuwa anaupepea uso wake na karatasi.

"Zilikuwa kumi na tisa," akasema.

Hakunitazama, alikuwa anatazama barabara.

"Nilikwenda nikaziona Ijumaa ileile, nikiwa natoka jikoni," akasema. "Kwenye baraza. Nilizihesabu."

Nilipaswa kulia, au kumshika mkono. Nilisikia hasira ileile ya nilipokuwa na miaka kumi ikipanda, safi, kana kwamba gauni bado lina tope magotini. Alikuwa na hesabu yangu muda wote huu, ameiweka mahali, kamili.

"Sema tena, mama," nikamwambia. "Kwa sauti."

Akakohoa, akajiweka sawa kitini kama anayeingia sauti ya pili ya kwaya.

"Zilikuwa kumi na tisa! Espe hakukosea!"

Wateja waligeuka. Mmoja akauliza kumi na tisa za nini. Nilichovya brashi, nikatia nukta ya kwanza, kisha ya pili.