Kiingereza Hakina Shikamoo

Karakana ya baba yangu pale Ipogolo ilinukia mbao mbichi za paina na gundi ya moto. Harufu hiyo iliganda kwenye sweta langu la shule, nikapanda nayo mlima kila asubuhi hadi mjini, kwenye baridi ile ya mwezi wa saba inayopasua midomo. Nilikuwa kidato cha nne. Masomo mengine nilijiweza, lakini Kiingereza kilinipiga chenga tangu siku ya kwanza. Baba, ambaye mwenyewe aliishia darasa la saba, alikuwa amesema wazi: nikifaulu kwenda kidato cha tano, atauza hata mashine ya randa nisome, nikifeli, kuna shangazi yangu Igawa anatafuta mtu wa kumsaidia kuuza mchele barabarani. Hakusema kwa ubaya. Shangazi naye, kwa moyo mzuri tu, alikuwa ameshaninunulia godoro.

Kwenye mtihani wa Kiingereza swali la barua halikosekani, na madamu wetu alituambia hapo ndipo pa kuokotea alama. Akatupa jaribio: jifanye uko bweni, mwandikie baba yako umweleze maendeleo yako. Barua nilikuwa nazijua. Kwa Kiswahili unaanza na shikamoo, unasema wewe ni mzima, hofu na mashaka ni kwake yeye aliye mbali na upeo wa macho yako, ndipo unaingia kwenye shida yako. Nikaitafuta shikamoo kwenye kamusi ndogo ya Neema, jirani yangu wa dawati, nisiione. Lakini kumwandikia baba bila kumwamkia, hata baba wa kujifanya, mkono ulikataa. Nikakumbuka tulivyofundishwa shule ya msingi kwamba shikamoo maana yake ni nashika miguu yako. Nikaandika: “Dear Father, I am holding your feet.” Hofu na mashaka nazo nikazitafsiri neno kwa neno, nikakabidhi karatasi nikiwa nimeridhika kabisa.

Madamu hakuwa mtu mbaya. Alizisoma barua zetu mbele ya darasa bila kutaja majina, ili tujifunze. Alipofika kwenye yangu sauti ikamkatika, akacheka mpaka akavua miwani. “Huyu baba anashikwa miguu asikimbie ada?” Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka, maana asiyecheka ndiye angejulikana, ila Neema akageuka kunitazama, na hiyo ikatosha. Kufika jioni nilikuwa naitwa Miguu. Niliona aibu ambayo mpaka leo sijui niieleze vipi. Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Kilichoniuma ni kwamba nilimwonea aibu baba, na vumbi lake la mbao kichwani, kana kwamba wote wamemwona amesimama uani na mtu kamng’ang’ania miguu. Tangu siku ile sikunyoosha tena mkono. Madamu akiniuliza swali nilisimama, nikatazama sakafu, nikakaa.

Baba alilijua jina hilo siku Neema alipokuja karakanani kufuata kigoda cha mama yake akaniita kwa mazoea. Ikabidi nimsimulie. Hakucheka. Alipuliza vumbi kwenye randa, akauliza, “Sasa hao Waingereza, mtoto akiamka anamwambiaje baba yake?”

“Anamwambia habari za asubuhi tu.”

“Na baba anajibuje?”

“Hivyo hivyo.”

“Sawa kwa sawa?”

“Sawa kwa sawa, baba.”

Akafikiri. “Basi uwe unaniamkia hivyo mpaka mdomo uzoee. Mimi sitakasirika.”

Kwa hiyo kila asubuhi nilisimama mlangoni pa karakana nikamwambia “Good morning, Father”, naye akajibu “Gudi moningi” huku ameinamia ubao. Wateja walitutazama. Mzee mmoja wa Kihesa, aliyekuja kuchukua fremu za madirisha, aliuliza, “Fundi, huyu mtoto wako haamkii wakubwa?” Baba akamwambia, “Yuko kwenye mtihani.” Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini mdomo ulizoea. Mwezi wa kumi na moja swali la barua lilipokuja, la kumwandikia mjomba, nilimuuliza mjomba hali yake kama namuuliza rika langu, na mkono haukusita. Nikafaulu. Mashine ya randa iliuzwa kweli.

Sasa naishi Mbeya, na kutwa naandika barua za Kiingereza ofisini, hakuna anayezicheka. Binti yangu ana miaka saba, anasoma shule ya Kiingereza, na wageni wakija humsikiliza nikavimba kichwa. Jumapili iliyopita baba alipiga simu ya video. Mtoto akaninyang’anya simu: “Hi Babu, how are you?” Nikamkonyeza, nikamfinya begani, akanishangaa tu; hakujua kama kuna kitu kimepungua. Kwenye kioo baba alitulia na mvi zake, akingoja kidogo, vile watu wazima wanavyongoja. Nikashindwa kumtazama. Halafu nikamsikia anajibu, kwa upole kabisa, “Marahaba, mjukuu wangu.”