Kuku Niliyemvukia Feri Mtongwe

Niliitwa Mtongwe, Likoni, kwa sababu kuku sita wa Mama Kadzo walikuwa wamekufa kwa siku mbili, na mimi ndiye ninayepima virusi vya mafua ya ndege katika maabara yetu. Mjane huyu alikuwa amebaki na kuku arubaini wa mayai, na riziki yake yote ni hao. Mmoja alikuwa anakoroma, macho yamevimba. Nikamsihi kwenye simu: huyo amtenge, asimguse mpaka nifike.

Saa mbili asubuhi nilitoka Mikindani na kisanduku changu cha barafu. Penye feri askari akataka kukikagua. Nikamwambia ni barafu tupu. Akatia mkono mpaka chini, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyempotezea wakati.

Saa nne nikafika. Mama Kadzo akanikalisha kwa heshima zote, akaleta wali na bakuli la mchuzi wa kuku.

"Karibu, mwanangu. Mgeni katoka mbali hivyo, nimwache na njaa?"

"Mama, kuku gani huyu?"

"Si yule wako! Nilimwona yuataka kukata roho, nikamuwahi kisu."

Jamani! Nilitamani kulia. Nikamkataza kumla, naye akanuna. Nikauliza kichwa kiko wapi.

"Nimekifukia nyuma ya choo."

Nikavaa glavu na barakoa, nikafukua. Bahati yangu, kipimo chetu hakidai kuku hai: kinatafuta chembe za urithi za virusi na kuzinakili mara nyingi, mpaka mashine izione hata zikiwa chache. Nikapitisha kijiti cha sampuli kooni mwa kile kichwa, kisha kwa kuku kumi kati ya waliobaki bandani. Nikamwonya Mama asiuze hata mmoja, maana virusi vikipatikana, wote watauawa.

Saa tisa nilikuwa maabara. Mashine ilifika katikati, stima ikapotea. Nikaanza upya huku nalaani kila kitu, wali ule ukiwemo.

Kesho yake saa tano majibu yakatoka. Hapakuwa na mafua ya ndege, si kichwani, si kwa wale kumi. Ulikuwa ugonjwa mwingine, usiolazimu kuua kuku wazima. Nikapiga simu kwa furaha.

"Mama, habari njema! Hakuna atakayewaua kuku wako."

"Kuku gani, mwanangu? Jana ulipoondoka tu nilimwita mchuuzi, akawabeba wote."

"Lakini nilikukataza kuuza!" nikafoka.

"Ulinikataza, ndiyo. Ukasema mtawaua. Jibu litakuja lini, hukusema. Ningekaa nikiwatazama mpaka lini?"

Hasira ikaniishia hapo hapo. Kweli, nilikuwa nimemweleza habari zote za kuua. Neno "kesho" sikulitamka.