Filimbi ya Shaba

Siku ile karakanani tulikuwepo mimi, wadogo zangu Somoe na Bakari, na Mzee Mfaume, mfua bati wa Kilwa. Wazazi wetu walikuwa wameshafariki.

Mzee alitupa filimbi mbili tujaribu. Ya bati ilinuka mafuta ya taa na ililia kwa pumzi ndogo, sauti nyembamba kama ya kifaranga. Ya shaba ililia nzito, tamu, ila ilitaka kifua. Bakari aliipuliza hadi akakohoa.

“Mate tu!” Somoe alimcheka.

“Chukua ya bati, mjukuu wangu,” Mzee alisema.

“Sitaki kifaranga!” Bakari akakataa.

“Ukikua utaiweza,” nikamwambia. “Nitakununulia.”

Nilidhani ni udogo. Kumbe kifua kilikuwa kinamuua. Ramadhani iliyofuata hakuiona.

Juzi nilikuta filimbi ya shaba katika duka moja mtaa wa Mtanda. Nikaipuliza, ikalia. Ahadi ni deni, na aliyenidai sina pa kumpata.