Majuma ya Kunyamaza Bwenini

Mdogo wangu alipopata nafasi katika chuo kikuu kule Braamfontein, baba aliwatangazia wateja wote wa kibanda chake cha Marshalltown kwamba sasa mwanawe ni mwanamume. Chuo kikampa chumba katika bweni kongwe la wavulana, kuta zimejaa picha za Wazungu wenye masharubu waliolianzisha. Hao ndio waliokuja na mila za kuwakomaza vijana, walizozitoa katika shule zao za Uingereza. Wenyewe walikwisha kwenda zao. Mila wakaachiwa watoto wetu, nao wakazishika kama ibada, jambo linalonitia hasira mpaka leo.

Majuma ya kwanza, mwanafunzi mpya alinyang'anywa simu, akavalishwa tai, akakatazwa kuzungumza na mwanamke yeyote. Wakubwa wa bweni waliwatuma wasichana wawajaribu: huyu anauliza njia, yule analia eti mama yako amelazwa. Anayejibu ni mlaini, anaanza upya. Sisi nyumbani hatukuyajua hayo.

Baba alifariki alfajiri, ghafla, kwa moyo. Maziko yakapangwa alasiri. Kwetu wanawake hatuendi makaburini, na baba hakuwa na mtoto mwingine wa kiume. Mdogo wangu ndiye aliyepaswa kushuka kaburini kumpokea. Simu yake haikupatikana, mama akanituma nikamlete.

Mlinzi wa bweni alinikatalia kuingia, ila akanieleza michezo yao hiyo, akanionyesha na roboti, taa za barabarani, ambapo wangevuka kwenda darasani. Wakaja wamepanga mstari, macho chini, wakubwa wao ubavuni. Nikamshika mdogo wangu mkono.

"Baba amefariki. Tunamzika leo. Twende nyumbani."

Nilisema kwa Kiswahili makusudi, ili ajue si mchezo wa pale chuoni. Kumbe kati ya wakubwa wake alikuwamo Mkenya, hivyo Kiswahili changu hakikuthibitisha kitu. Mdogo wangu akauchomoa mkono wake. Taa ikawaka kijani, wakavuka. Niliwaeleza wakubwa kwa Kiingereza, nikawasihi. Wakacheka, kila mmoja akidhani nimetumwa na mwenzake.

Baba alipokelewa kaburini na watu wa msikitini. Walikuwa watu wema, lakini hakuwamo hata mmoja wa damu yake.

Mdogo wangu alirudishiwa simu baadaye, akaona ujumbe wetu, akaja mbio na tai yake shingoni. Alikaa sakafuni miguuni pa mama bila kutoa chozi. Nami roho ilikuwa inaniuma, nikamuuliza kwa nini hakunitazama hata usoni.

"Nilikutazama, dada," akasema. "Nikaona unalia. Nikajua wakubwa wamekufundisha vizuri kuigiza."

Akamgeukia mama.

"Jioni ile walinipigia makofi bweni zima, kwa kuwa sikujibu. Nilifurahi sana."