Meli Aliyoichagua Bibi

Leo ni Jumamosi, wasomaji wangu, na naahidi kusimulia yote, hata yale ya aibu.

Bibi yangu anataka kwenda Alaska. Ndiyo, Bibi huyu huyu anayevaa sweta mbili sokoni Walthamstow, hapa London, mwezi wa Julai! Anasema kabla hajafa anataka aisikie barafu ikipasuka na kuanguka baharini.

Wiki nzima nimemtafutia meli. Nikapata mbili: kubwa yenye kila anasa, na ndogo ya kampuni moja. Hiyo ndogo haina bwawa wala muziki, lakini inasogea karibu kabisa na barafu.

Leo tukaenda Tooting kwa wakala wa safari, mzee wa Kihindi aliyekulia Mombasa. Nikamweleza yote kwa Kiswahili. (Nilijivuna kidogo.)

Bibi akauliza swali moja tu.

"Hiyo ndogo inachukua watoto?"

"Hapana, Mama. Watu wazima tu."

"Basi tupe ile kubwa."

Nikashtuka. "Bibi! Ile kubwa inakaa mbali, barafu hutaisikia vizuri!"

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye nisiyeelewa kitu.

"Na nikiisikia peke yangu, nitamwambia nani, 'Umesikia?'"

Kumbe mtoto mwenyewe ni mimi! Sikujua kabisa kwamba nami naenda. Nikalia pale pale, mbele ya wateja. Wakala akanisogezea tishu. "Lia tu, binti, lakini ununue koti zito."

Bibi anakata tiketi Jumatatu. Natamani mno kwenda, lakini sauti ile ameingoja miaka mingi.

Nijibuni leo leo: niende naye, au nimwombe apande ile ndogo bila mimi?