Mzee wa Mbalizi Anayetoboa Kuta za Watu

Saa moja kasoro asubuhi, Mbalizi, nje kidogo ya Mbeya, bado imefunikwa na ukungu. Nyuma ya nyumba ya tofali za kuchoma, yenye bati ambalo halijapata kutu, mwanamume aliyevaa koti zito lililochanika kwapani amesimama akiwa ameshika mwanzi mrefu. Anakohoa kwa nguvu mara mbili. Anasubiri. Kisha anauinua mwanzi hadi pale ukuta unapokutana na bati, anausukuma ndani ya tundu. Kipande cha gunia kinaangukia upande wa pili.

Halafu gunia linarudi. Mkono usioonekana unalishindilia kutoka ndani mpaka tundu linajaa.

Anasukuma tena. Linarudi tena.

"Mkwe!" sauti ya mwanamke mtu mzima inatoka ndani. "Huo mwanzi kachokonolee panya kwako!"

"Panya hawafi kwa mkaa, mkwe. Wana akili, wanatoka nje."

"Mtoto anaona baridi!"

"Toa jiko, umfunike."

"Nimfunike na nini? Na maneno yako?"

Mwanamume huyo anashusha mwanzi na kufuta kamasi kwa mgongo wa mkono. Anaitwa Isakwisa Mwasomola, ana umri wa miaka hamsini na minane, ni fundi mwashi. Nyumba ni ya mwanawe Gideoni, anayefanya kazi ya kutunza njia ya reli upande wa Makambako na kuja nyumbani mwisho wa mwezi. Humo ndani yumo mke wa Gideoni, Subilaga, pamoja na mtoto wake wa kiume ambaye hajatimiza wiki mbili. Anayejibizana na mzee ni Bibi Nsia, shangazi yake Subilaga, aliyepanda kutoka Rungwe kuja kumlea mzazi.

Isakwisa ndiye aliyesimamia ujenzi wa nyumba hii. Katika mstari wa mwisho wa tofali aliacha matundu manne, kila moja upana wa kiganja, ili hewa itembee. Tangu mtoto azaliwe, yote manne yamezibwa kwa magunia, na jiko la mkaa liko kando ya kitanda mchana na usiku.

Hawezi kuingia kuyafungua. Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mke wa mwana na baba mkwe wake hawaonani. Mzee akikohoa njiani, mkwe anajificha. Mkwe akiwa ndani, mzee haingii. Wengine siku hizi wamelegeza, hasa watu wa makanisani, lakini ukoo wa Subilaga haujalegeza hata kidogo.

"Ningekuwa jirani ningeingia," anasema Isakwisa. "Ningekuwa mwizi ningeingia. Mimi ni babu wa mtoto, kwa hiyo nakaa nje na mwanzi."

Hofu yake ina makaburi.

Juni mwaka 1973, miaka minane iliyopita, alikuwa akifanya kazi Tukuyu, mbali na nyumbani. Alikuwa amehama nyumba yake ya zamani ya mianzi na majani, akajenga ya tofali na bati, ya kwanza katika ukoo wao. Kati ya ukuta na bati alibakisha uwazi mzunguko mzima. Hasemi kwamba alifanya hivyo kwa ujuzi. "Mbao ziliisha," anasema. "Niliwaambia nitamalizia nikirudi."

Binti yake, Tumpe, alikuwa amerudi kwa mama yake kujifungua uzazi wa kwanza. Mama yake, Lugano, aliona uwazi ule unaingiza baridi kwa kichanga. Akachanganya udongo, akaziba pande zote, kazi safi ya mwanamke aliyekandika kuta tangu utotoni. Kisha akaingiza jiko la mkaa, akafunga mlango wa mbao.

Isakwisa alirudi Jumamosi akakuta watu wamekaa nje ya nyumba yake. Lugano, Tumpe na mtoto ambaye hakuwa amepewa jina walikuwa wamelazwa kwenye mkeka mmoja. Hakuna aliyekuwa na jeraha. Wanawake waliowaosha walisema nyuso zao zilikuwa nyekundu kama za watu wenye afya.

"Hapo ndipo maneno yalipoanza," anasema. Shemeji zake walisema watu watatu hawafi usiku mmoja bila mkono wa mtu, na mtu mwenye nyumba ya bati ndiye mwenye siri. Mganga wa zahanati aliwaeleza habari ya mkaa, kwamba unatoa hewa isiyo na harufu, inayomlaza mtu asiamke. Walimsikiliza kwa heshima. Alipoondoka, walichukua vyungu vya dada yao na kuondoka navyo. Hawajakanyaga tena kwa Isakwisa.

Tangu hapo anatoboa kuta. Zamani alilipwa shilingi kumi na tano kwa nyumba kuziba uwazi wa juu, na kila mwenye bati alitaka kuzibiwa. Sasa anawafuata walewale awafungulie. "Nani atalipia tundu?" anasema. Mitaani Mbalizi wanamwita Fundi Tundu, na vijana wa sokoni wakimwona na ngazi hupiga kelele: "Baridi! Baridi inauzwa!"

Siku hiyo alikuwa na kazi kwa Nkuba, Msukuma mfanyabiashara wa ng'ombe aliyehamia Mbalizi na familia yake kutoka bonde la Usangu. Nkuba alimwita azibe. Fundi alifika na tindo.

"Mimi nimezoea joto, fundi," alilalamika Nkuba, blanketi mabegani. "Unataka nigande?"

"Utakohoa. Anayekohoa yuko hai."

"Nimekuita uzibe!"

"Mwache azibe," alidakia mkewe, Ng'washi, huku akipepeta mchele. "Ukifa mimi nachukua ng'ombe narudi kwetu. Fundi, ziba vizuri hapo upande wake."

Hata Isakwisa alicheka. Kisha akapanda ngazi na kueleza huku akigonga, na maelezo yake yanawafaa wote wanaojijengea wenyewe katika nchi hii ya baridi.

Nyumba ya majani, alisema, inapumua yenyewe. Moshi unapenya paa zima, hakuna aliyehitaji kufikiri. Bati halipitishi kitu. Anayehamia kwenye bati na kuishi na moto kama alivyoishi kwenye majani anajifungia ndani ya sufuria.

Tundu moja halitoshi. Liwepo la chini, karibu na mlango, hewa iingie, na la juu, ukuta wa upande wa pili, hewa itoke. La juu lilazwe kidogo kuelekea nje ili mvua isiingie, na lifunikwe kwa waya wa banda la kuku kuzuia panya na nyoka. Lisiwe juu ya kichwa cha kitanda.

"Na baridi je?" aliuliza Nkuba.

"Baridi izuie pale unapolala, si kwenye paa." Kitanda kiinuliwe kutoka sakafuni na kusogezwa mbali na ukuta wa nje, au ukuta uwekwe jamvi. Nyufa zilizo usawa wa kitanda zikandikwe kwa udongo uliochanganywa na samadi na majivu. Tofali moja la kuchoma lipashwe motoni nje, lizungushiwe kitambaa kinene, liwekwe miguuni. Linakaa na joto karibu hadi asubuhi.

Jiko litoke nje kabla ya kulala, hata kama makaa yanaonekana kufa. Moto uliofunikwa na majivu ndio anaouogopa zaidi. "Kuni zinakutoa machozi, unakimbia. Mkaa hauna moshi, ndiyo maana watu wanaukumbatia." Mtu akisikia kichwa kizito, magoti yakilegea, au kichefuchefu, asilale akingoja kupata nafuu. Atoke nje kwanza, hata kwa kutambaa.

Ng'washi aliacha kupepeta. "Na kwa mkweo umewaambia hivyo hivyo?"

"Kila siku."

"Wanasemaje?"

Aligonga tindo mpaka kipande cha tofali kikaangukia nje.

Bibi Nsia naye alisema yake, akiwa amesimama uani na kitenge kichwani. Si mtu wa hasira. "Nimelea wazazi wengi," alisema. "Wote niliwalaza karibu na moto, ndivyo mama alivyonilea na mimi. Hakuna aliyekufa. Huyu mkwe ana msiba kichwani, namhurumia. Lakini msiba wake usimuue mtoto wetu kwa baridi."

Isakwisa alipoelezwa maneno hayo alitikisa kichwa. "Wazazi wake wote walilala kwenye nyumba za majani. Nikimwambia hivyo ananijibu moto ni moto."

Gideoni alishapelekewa habari. Alikuja siku moja, akayatoa magunia kwa mkono wake, akamwomba shangazi amsikilize mzee. Aliporudi kazini, magunia yalirudi ukutani jioni ileile.

Wiki moja baadaye, Mbalizi nzima ilikuwa na habari moja.

Sedekia, fundi seremala anayekaa nyumba ya pili, ndiye aliyeona tangu mwanzo. Anasema asubuhi ya Alhamisi Isakwisa alikuja kama kawaida, akakohoa, akasukuma gunia. Likaanguka ndani.

"Nikangoja lirudi," anasema Sedekia. "Tulishazoea, ule ulikuwa mchezo wetu wa asubuhi. Halikurudi."

Mzee akasukuma la pili. Halikurudi. Akaita, "Mkwe! Mkwe Nsia!" Kimya. Bibi Nsia alikuwa ameondoka mapema kupeleka mahindi mashineni, lakini hakuna aliyejua. Subilaga alikuwa amekomea mlango kwa ndani na kurudi kitandani.

"Akaenda mlangoni," anaendelea Sedekia. "Akainua mkono agonge. Mkono ukabaki juu hivi. Nikamwambia, Mzee, vunja! Akanitazama kama mtu aliyesahau lugha. Halafu akakimbilia ngazi yangu."

Alipanda juu ya bati, akachomeka tindo chini ya kofia ya paa, lile bati la kilele, akaing'oa. Misumari ikaruka. Akashika bati la kwanza, akalikunja kama jani la mgomba. Jua likaingia chumbani, likamwangukia Subilaga kitandani, na Subilaga akafumbua macho akamwona baba mkwe wake angani, miguu yake ikining'inia juu ya kitanda cha uzazi.

Alipiga kelele zilizosikika hadi barabara kuu. Mtoto naye akalia. Isakwisa aliposikia mtoto analia alikaa juu ya paa akafunika uso kwa mikono, na watu waliokuwa wanakusanyika chini wakadhani ni aibu.

Kwa wazee wa ukoo, kuingia mlangoni kungekuwa kosa. Kupanda juu ya kichwa cha mkwe aliye kwenye uzazi hawakuwa na neno lake. Bibi Nsia alirudi na unga wake, akasikiliza, akafunga mizigo. Mchana ule alimchukua Subilaga na mtoto, wakaenda kwao Rungwe. Walisema hawatarudi mpaka Isakwisa apeleke ng'ombe na kuomba radhi.

Je, Subilaga alikuwa anakufa, au amelala tu? Hakuna ajuaye. Aliwaambia wanawake waliomvalisha kwamba kichwa kilikuwa kizito na miguu haikumtii. Bibi Nsia anasema mama anayenyonyesha usiku kucha ni lazima awe hivyo.

"Angekufa wangeniamini," anasema Isakwisa. "Hakufa, kwa hiyo mimi ni mwendawazimu."

Gideoni alishuka kwenye treni Jumapili. Alisimama uani akitazama nyumba yake isiyo na kofia. Sedekia alimsikia akisema, "Baba, umenivua nguo mbele za watu." Kisha akasema, kwa sauti ya chini zaidi, "Peleka ng'ombe, Baba. Leo hii. Namtaka mke wangu."

Isakwisa alimjibu kwamba hatapeleka. Gideoni alirudi Makambako bila kumuaga.

Leo mzee yuko juu ya nyumba hiyo tupu, misumari mdomoni, anarudisha kofia ya paa aliyoinyoosha kwa nyundo. Ng'ombe anaye. Ni dume la rangi ya udongo, limefungwa nyuma ya kibanda chake, na kila apitaye anamuuliza mzee kwa nini halipeleki.

Anatoa misumari mdomoni ili ajibu.

"Kwao Subilaga ni nyumba ya majani," anasema. "Ya zamani, imejaa masizi, paa limechoka, moshi unatoka popote. Nsia atamwekea moto mchana na usiku, na hatadhurika. Nikipeleka ng'ombe leo, kesho wamerudi hapa na jiko lao."

Anatazama upande wa Rungwe, ambako mawingu yamekaa chini.

"Baridi itakatika Septemba. Nitakwenda na ng'ombe, nitapiga magoti mbele ya kila mtu wanayemtaka. Gideoni ana haki ya kukasirika, nimemwachia." Anapigilia msumari mmoja hadi kichwa kinagusa bati. "Kwa sasa naomba jambo moja tu. Wasinisamehe mapema."